Formiga: Kiungo wa Brazil aliyecheza Kombe la Dunia mara saba

MIRAILDES Maciel Mota ni jina ambalo hata mashabiki wengi wa soka ya Brazil hawalitambui upesi. Likitajwa jina lake la kupanga, Formiga, watamkumbuka mara moja kiungo wa jezi nambari nane aliyeshiriki fainali saba za Kombe la Dunia, kuanzia zile za 1995 nchini Sweden hadi zile za 2019 nchini Ufaransa. Hakuna mwanasoka mwingine, awe mwanamume au mwanamke, aliyewahi kufikisha idadi hiyo. Katika Michezo ya Olimpiki vilevile alishiriki mara saba, tangu soka ya wanawake ilipojumuishwa kwa mara ya kwanza mjini Atlanta, Marekani, mwaka wa 1996 hadi makala ya Tokyo yaliyoandaliwa 2021.

Katika safari zote hizo kumi na nne, hakuna hata moja aliyorejea nayo nyumbani akiwa na taji la dunia wala dhahabu ya Olimpiki. Alipata medali mbili za fedha za Olimpiki, akamaliza wa pili katika Kombe la Dunia mara moja na wa tatu mara moja. Kwa mchezaji wa taifa jingine, hiyo ingekuwa hazina kubwa. Nchini Brazil, ambako timu ya wanaume ilizoea kuhesabu vikombe, mafanikio hayo yalipokelewa kwa muda mrefu kama habari za kando.

Formiga alizaliwa Machi 3, 1978 mjini Salvador, jimbo la Bahia, kaskazini mashariki mwa Brazil, eneo ambalo wakazi wake wengi ni wa asili ya Kiafrika. Wakati huo, msichana kusakata kabumbu nchini humo lilikuwa jambo lililoharamishwa. Amri ya serikali nambari 3199 ya Aprili 14, 1941, iliyotolewa chini ya utawala wa Getúlio Vargas, iliwazuia wanawake kushiriki michezo iliyodaiwa kutolingana na maumbile yao. Mnamo 1965, nchi ikiwa mikononi mwa wanajeshi, baraza la michezo la taifa lilikwenda hatua zaidi na kuitaja soka waziwazi miongoni mwa michezo hiyo. Ndani ya kipindi cha marufuku hayo, wanaume wa Brazil walitwaa Kombe la Dunia mara tatu, 1958, 1962 na 1970, na ulimwengu ukaamini kwamba kila mtoto wa Brazil huzaliwa na mpira miguuni. Nusu ya watoto hao walikuwa wamekatazwa kuugusa.

Marufuku yaliondolewa 1979, Formiga akiwa mtoto mchanga. Hata hivyo, ilichukua hadi 1983 kwa kanuni rasmi za kusimamia soka ya wanawake kupatikana, na sheria ikifutwa si lazima fikra za watu zifutike nayo. Formiga alimpoteza baba yake akiwa na umri wa miezi minane tu, akalelewa na mama yake pamoja na ndugu zake wa kiume. Katika mahojiano mbalimbali ameeleza jinsi ndugu hao walivyomwadhibu kwa kipigo kila walipomkuta akicheza mpira na wavulana mtaani. Mama ndiye aliyesimama upande wake.

Jina la kupanga alilipata angali msichana. Formiga ni neno la Kireno lenye maana ya mdudu chungu, na alibandikwa kwa sababu ya uchezaji wake: huku na kule bila kupumzika, akifanya kazi ambayo faida yake ilikwenda kwa wenzake. Msomaji wa Kiswahili asimdhanie siafu anayejulikana kwa kuuma. Aliyekusudiwa hapa ni chungu wa kubeba, yule anayeonekana na mzigo uliomzidi uzito.

Jina hilo linaeleza nafasi yake uwanjani kuliko uchambuzi wowote. Kiungo wa kukaba hucheza mbele ya mabeki na nyuma ya washambuliaji. Kazi yake ni kuuwahi mpira uliopotezwa, kuziba mwanya ulioachwa na beki aliyepanda, kumsumbua mpinzani kabla hajainua kichwa, kisha kutoa pasi fupi kwa yule mwenye kipaji cha kufunga. Akifanya vyema, hakuna anayemtaja. Akikosea mara moja, bao linafungwa. Brazil, yenye mazoea ya kuwatukuza wapiga chenga, imekuwa na viungo wengi wa aina hiyo ambao majina yao hayakufika mbali. Formiga alifika mbali, ila ilimchukua miaka ishirini.

Uzuri wake ulikuwa katika kuusoma mchezo mapema. Hakuwa na umbo kubwa la kuwatisha wapinzani, na mara nyingi alikabiliana na Wamarekani, Wajerumani na Wanorway waliompita kimo na uzito. Alitegemea kufika mahali kabla ya mpira kufika. Zaidi ya hayo alijua kupanda mbele kwa wakati ufaao, na ndiyo sababu jina lake limo pia katika orodha ya wafungaji. Mchezaji anayetegemea kasi huanza kushuka kiwango akikaribia miaka 30. Aliyejifunza kuusoma uwanja huweza kuendelea muda mrefu zaidi, mradi mwili wake autunze.

Alikuwa na umri wa miaka 17 alipojumuishwa katika kikosi kilichoelekea Sweden mnamo 1995. Brazil iliwaduwaza wenyeji kwa kuwalaza 1-0, kisha ikapoteza 2-1 dhidi ya Japan na kutandikwa 6-1 na Ujerumani, ikamaliza ya mwisho kundini. Hapakuwa na matayarisho ya maana. Katika miaka hiyo ya mwanzo, ilikuwa kawaida kwa timu ya wanawake kuvalia sare zilizosalia za wanaume, jezi zikiwaning'inia mabegani. Kati ya wachezaji wa Sweden katika fainali hizo alikuwemo Pia Sundhage, jina litakalorudi tena katika maisha ya Formiga.

Mwaka uliofuata Brazil ilimaliza ya nne mjini Atlanta. Katika Kombe la Dunia la 1999 nchini Marekani, ikiongozwa na kiungo mbunifu Sissi, naye mzaliwa wa Bahia, ilitwaa nafasi ya tatu kwa kuibwaga Norway kwa penalti baada ya sare tasa. Sissi alikuwa mmoja wa wafungaji bora wawili wa fainali hizo kwa mabao saba, sawa na Sun Wen wa China. Sydney 2000 ilileta nafasi ya nne tena. Baadaye wakaibuka vijana wawili, Marta na Cristiane, na Brazil ikawa na safu ya mbele ambayo nchi yoyote ingeionea wivu.

Hapo ndipo thamani ya Formiga ilipoonekana kikamilifu. Washambuliaji wa aina ya Marta huhitaji uhuru wa kuzurura, na uhuru huo una gharama: lazima pawe na mtu wa kukimbia kwa niaba yao timu inapopoteza mpira. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Formiga.

Fainali tatu zilizofuata zinafaa kutazamwa kwa pamoja. Mnamo Agosti 26, 2004 mjini Athens, Ugiriki, Brazil ilicheza na Marekani kuwania dhahabu ya Olimpiki. Pretinha alisawazisha katika kipindi cha pili, Wabrazil wakagonga mwamba, na wengi waliotazama walikubaliana kwamba wao ndio waliotawala. Dakika ya 112, Abby Wambach alifunga kwa kichwa kutokana na kona na Marekani ikashinda 2-1. Miaka minne baadaye mjini Beijing ikawa hadithi ileile: sare tasa katika dakika 90, kisha bao la Carli Lloyd dakika ya 96, Marekani 1 Brazil 0. Mkufunzi wa Marekani siku hiyo alikuwa Pia Sundhage.

Katikati ya mbili hizo kulikuwa na mwaka wa 2007, ambao huenda ndio bora zaidi kuwahi kushuhudiwa na kizazi hicho. Mnamo Julai, katika Michezo ya Mataifa ya Amerika iliyoandaliwa Rio de Janeiro, Brazil iliicharaza Marekani 5-0 katika fainali mbele ya umati uliofurika ugani Maracanã. Ni kweli Wamarekani walikuwa wamepeleka kikosi cha chipukizi, lakini wanawake waliozoea kucheza mbele ya viti vitupu waliona kwa macho yao kwamba watu wangekuja kuwatazama. Septemba, nchini China, Brazil ilikutana na kikosi kamili cha Marekani katika nusu-fainali ya Kombe la Dunia na kukibomoa 4-0. Fainali ilichezwa Shanghai Septemba 30 dhidi ya Ujerumani. Mkwaju wa penalti wa Marta ulipanguliwa na kipa Nadine Angerer, ambaye hakufungwa bao hata moja katika mashindano hayo yote, na mabao ya Birgit Prinz na Simone Laudehr yakawapa Wajerumani ushindi wa 2-0. Baada ya kichapo hicho wachezaji wa Brazil waliinua bango lenye ombi kwa nchi yao: walihitaji msaada.

Ombi hilo halikuwa la bure. Formiga wakati huo alikuwa na umri wa miaka 29, mshiriki wa fainali nne za Kombe la Dunia, na katika nchi yake hapakuwa na ligi imara ya taifa ya wanawake. Ligi kuu ya taifa ya wanawake kwa mfumo wa sasa ilianza 2013, naye alikuwa ametimiza miaka 35. Kabla ya hapo mchezaji aliishi kwa kubahatisha. Klabu ilianzisha timu ya wanawake mwaka huu na kuivunja mwaka ujao, mikataba ilikuwa haba na mishahara midogo.

Ndiyo maana orodha ya klabu alizochezea ni ndefu. Aliwahi kuvalia jezi za São Paulo na Portuguesa nyumbani, akahamia Malmö ya Sweden, akarudi, kisha akavuka hadi Marekani. Huko alichezea FC Gold Pride ya California mnamo 2009 na Chicago Red Stars mnamo 2010, katika ligi ya kulipwa iliyoitwa WPS. Hata Marekani, nchi iliyotajwa kila mara kuwa mfano wa soka ya wanawake, mambo hayakudumu: Gold Pride ilivunjwa mwishoni mwa 2010 na ligi yenyewe ikafa 2012.

Alipata utulivu São José, klabu ya jimbo la São Paulo ambayo wengi nje ya Brazil hawakuwahi kuisikia. Klabu hiyo ilitwaa Copa Libertadores, kombe la mabingwa wa Amerika Kusini, mnamo 2011, 2013 na 2014. Mwaka huo wa 2014 ilikwenda Japan kwa mashindano ya kimataifa ya klabu na kuipiku Arsenal ya Uingereza katika fainali. Ushindi kama huo ungepatikana na klabu ya wanaume, barabara za mji zingefungwa kwa sherehe.

Timu ya taifa nayo ilikuwa imeanza kuchoka. Katika robo-fainali ya Kombe la Dunia la 2011 mjini Dresden, Ujerumani, Brazil ilikuwa sekunde chache kutinga nusu-fainali iliposawazishiwa na Wambach dakika ya 122 na kung'olewa kwa penalti. Kocha wa Marekani alikuwa yuleyule Sundhage. Mwaka uliofuata Japan iliwaondoa katika robo-fainali ya Olimpiki ya London. Mnamo Juni 9, 2015 mjini Montreal, Canada, Formiga aliifungia Brazil bao dhidi ya Korea Kusini akiwa na miaka 37 na siku 98, na kuwa mfungaji mwenye umri mkubwa zaidi katika historia ya Kombe la Dunia la wanawake. Australia ikawatoa katika raundi ya 16-bora.

Olimpiki ya Rio 2016 ilitarajiwa kuwa tamati. Wenyeji walijaza viwanja, wakapoteza nusu-fainali dhidi ya Sweden kwa penalti ugani Maracanã, na Canada ikawanyima shaba kwa ushindi wa 2-1. Desemba mwaka huo, mjini Manaus, Brazil ilishinda mashindano madogo ya kirafiki kwa kuifunga Italia 5-3, na Formiga akatangaza kuangika daluga za timu ya taifa.

Alipoondoka, pengo likabaki wazi. Mwaka wa 2017 timu ya taifa iliyumba: kocha Emily Lima, mwanamke wa kwanza kuinoa, alifutwa baada ya miezi isiyozidi kumi na mmoja, na wachezaji kadhaa akiwemo Cristiane wakajiuzulu kwa kulalamikia uamuzi huo na namna shirikisho lilivyowatendea wanawake. Kocha Vadão, aliyerejeshwa, alimwomba Formiga abatilishe uamuzi wake. Akakubali, na 2018 akawa tena katikati ya uwanja Brazil ilipotwaa ubingwa wa Amerika Kusini nchini Chile. Alikuwa na miaka 40.

Kurejea huko kunaweza kusomwa kwa namna mbili, na zote ni za kweli. Ni ushahidi wa nidhamu ya mchezaji ambaye mwili wake ulikuwa bado unamtii. Pia ni hati ya mashtaka dhidi ya wasimamizi wa soka ya Brazil, taifa la watu zaidi ya milioni 200, ambao kwa miaka 23 tangu 1995 hawakuwa wamemtayarisha msichana wa kushika nafasi yake.

Wakati huo alikuwa tayari akiishi Ufaransa. Januari 2017, akikaribia miaka 39, umri ambao wachezaji wengi huwa wamekuwa makocha, Paris Saint-Germain ilimsajili. Miezi michache baadaye alikuwa katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya mjini Cardiff, ambayo PSG iliipoteza kwa Lyon kwa penalti 7-6. Lyon ndiyo iliyokuwa mwiba wa PSG miaka yote hiyo. Mnamo 2018 PSG ililipiza kisasi kidogo kwa kuwafunga 1-0 katika fainali ya Kombe la Ufaransa, na msimu wa 2020-21 ikatwaa ligi kwa mara ya kwanza, ikakatiza ubabe wa Lyon wa mataji 14 mfululizo. Formiga aliondoka Paris baada ya taji hilo, akiwa na miaka 43, akarejea São Paulo.

Kombe la Dunia la 2019 alilichezea katika nchi aliyokuwa akifanyia kazi. Juni 9 mjini Grenoble, Brazil ilipoilaza Jamaica 3-0, alivunja rekodi ya mchezaji mwenye umri mkubwa zaidi kushiriki fainali hizo. Kikosini alikuwemo mshambuliaji Geyse, aliyezaliwa 1998, miaka mitatu baada ya Formiga kucheza Kombe la Dunia lake la kwanza. Juni 23 mjini Le Havre, wenyeji Ufaransa waliiondoa Brazil 2-1 katika muda wa ziada, bao la ushindi likifungwa na kiungo Amandine Henry.

Baada ya mechi hiyo Marta alisimama mbele ya kamera na kuwaambia wasichana wa Brazil kwamba Formiga hatakuwepo milele, wala Marta, wala Cristiane, na kwamba uhai wa soka ya wanawake ulikuwa mikononi mwao. Maneno hayo yalizunguka ulimwengu. Wengi waliyachukua kuwa ya kutia moyo, ingawa aliyeyasikiliza kwa makini alisikia lawama ndani yake.

Mabadiliko yalianza kuonekana polepole. Sundhage alikabidhiwa mikoba ya Brazil mwaka huohuo wa 2019, na sasa aliyekuwa mpinzani wake wa Beijing na Dresden akawa mchezaji wake. Septemba 2020 shirikisho la soka la Brazil lilitangaza kwamba wanawake watalipwa posho na marupurupu sawa na wanaume wanapoitumikia timu ya taifa. Formiga alikuwa amecheza robo karne kabla ya siku hiyo.

Tokyo ilikuwa Olimpiki yake ya saba. Brazil ilianza kwa kuicharaza China 5-0, ikamaliza kwa kutolewa na Canada kwa penalti katika robo-fainali, Canada ambayo baadaye ilitwaa dhahabu. Novemba 25, 2021 aliagwa rasmi mjini Manaus katika mechi dhidi ya India, iliyokwisha kwa ushindi wa 6-1. Aliingizwa kipindi cha pili. Ilikuwa zaidi ya mechi yake ya 230 kwa Brazil, idadi ambayo hakuna Mbrazil mwingine, Pelé na Cafu wakiwemo, aliyeifikia.

Brazil ilirejea katika fainali ya Olimpiki mnamo Agosti 10, 2024 mjini Paris, na kwa mara ya tatu ikaambulia fedha mbele ya Marekani, 1-0. Miezi mitatu kabla yake, Mei 17, Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) lilikuwa limeiteua Brazil kuandaa Kombe la Dunia la wanawake la 2027, la kwanza kufanyika Amerika Kusini. Salvador, mji ambao msichana alipigwa kwa kucheza mpira mtaani, ni miongoni mwa miji itakayokuwa mwenyeji wa mechi hizo.